Mtch! Bei ya Petroli Tunaiona, ya Matibabu Yafichwa kwa Nini?

Mtch! Petroli ikipanda shilingi mia moja tu, Kampala nzima imejua kabla ya saa nne asubuhi. Bei iko kwenye ubao kando ya barabara, tarakimu kubwa ambazo hata abiria wa boda inayokwenda mbio anazisoma. Dereva asiyeridhika anasogea kituo cha mbele, na hakuna wa kumshika shati. Sasa niambieni, ndugu zangu: kujifungua kwa upasuaji katika hospitali iliyo juu ya kilima kile ni shilingi ngapi? Kipimo cha CT cha kichwa je? Na usiku mmoja katika chumba cha wagonjwa mahututi?

Nilipouliza hayo, kijiwe chetu cha Kisenyi kilinyamaza, na hiki si kijiwe cha kunyamaza ovyo. Wapo vijana wa boda, wapo wapakiaji wa mashine za kusaga mahindi, yupo Hajji wa kahawa ya tangawizi, yupo Mwalimu aliyestaafu sekondari, yupo Mama wa rolex, zile chapati za mayai, na wapo ndugu waliovuka kutoka Kongo na Kiswahili chao kitamu. Watu hawa wanajua bei ya kilo ya unga leo na ya jana. Wanajua dola imeamkaje. Wanajua nauli ya Masaka siku ya kawaida na nauli ya kuamkia Krismasi. Lakini bei ya matibabu hawaijui, hata wale waliotibiwa mwezi jana. Wanachokijua ni jumla waliyolipa siku ya kuruhusiwa.

"Ssebo," akasema mwenyekiti wa steji ya boda, "bei ya hospitali huijui mpaka umeshatibiwa. Na ukishatibiwa, hiyo si bei tena, ni deni."

Neno langu la leo limo humo. Nchi hii imezungumza bima ya afya miaka na miaka. Tumebishana nani akatwe, nani asamehewe, asilimia ngapi, mfuko ukae chini ya nani. Yote yana maana yake. Lakini bima ni ahadi ya kulipa bei, na bei yenyewe ikiwa gizani, mchango wetu nao unaingia gizani. Ubao wa bei utangulie, bima ifuate.

Tuanzie mapokezi. Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo walivyosema wazee. Katika hospitali nyingi za binafsi za mji huu, swali la kwanza linalomlaki mgonjwa ni hili: unalipa taslimu au una bima? Kuulizwa si kosa, kwa maana mtunza hesabu lazima ajue. Kosa linakuja pale jibu linapobadilisha bei. Damu ni ile ile, sindano ile ile, mashine ile ile na mtaalamu wa maabara yule yule, lakini mwenye kadi anaandikiwa kiasi chake na mwenye noti chake. Dada mmoja wa hapa kijiweni, anayefanya usafi katika ofisi inayolipia wafanyakazi wake bima, alisonya mpaka machozi yakamlenga. Kadi yake iliisha fedha kabla mwaka haujafika nusu, na hakuwahi kuonyeshwa karatasi inayoeleza kitu kipi kilitozwa kiasi gani. Huwa anapewa fomu, anaonyeshwa pa kusaini, anaondoka.

Mwalimu akatupangia mambo polepole, kama enzi zake za ubao na chaki. Hospitali inajua kwamba kampuni ya bima italipa baada ya wiki nyingi na maswali mengi, na pengine italipa pungufu. Basi inajiongezea mapema. Kampuni ikiona madai yamepanda, mwaka unaofuata nayo inapandisha malipo. Mwajiri akiona malipo yamepanda, anawahamishia wafanyakazi mpango wenye kiwango kidogo zaidi. Mwisho wa mnyororo amekaa dada wa usafi, kadi ikiwa tupu mwezi wa tano. Bandu bandu huisha gogo. Hakuna aliyeiba kitu waziwazi, ila kila mmoja amebandua kidogo mahali ambapo hakuna anayeona.

Na huyo dada ana nafuu, maana ana kadi. Wenye bima ya afya ya aina yoyote Uganda ni wachache mno. Ukikusanya watu mia, kumi hutawapata. Waliobaki ndio sisi tunaofungua kundi la WhatsApp saa nane ya usiku, tunaouza mbuzi kijijini, tunaoweka rehani pikipiki ambayo mkopo wake haujaisha. Zaidi ya robo ya fedha zote zinazotumika kwa matibabu nchini hutoka moja kwa moja mfukoni mwa mwananchi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likionya kwamba sehemu hiyo ikivuka asilimia 20 hivi, familia zinaanza kufukarika kwa kuugua tu. Kuugua tu, jamani! Si kwa kamari, si kwa uvivu.

Hajji akaweka chini birika lake. "Lakini serikali inatibu bure. Kituo cha Kisenyi kile pale. Mulago ile pale. Mnalilia nini?"

Hajji hajakosea. Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, serikali ilifuta ada katika vituo vyake vyote vya afya, ikabakiza wodi za kulipia katika hospitali kubwa. Watu walimiminika vituoni, hasa masikini ambao awali walikuwa wanajifia nyumbani. Huo ulikuwa uamuzi mwema, nami nautetea mpaka kesho. Ila watafiti walipopima miaka iliyofuata, walikuta jambo la kusikitisha: masikini walikuwa wanakwenda vituoni zaidi, lakini mzigo wa gharama za kuangamiza haukuwapungukia. Kwa nini? Kwa sababu dawa zilikosekana kituoni, na mgonjwa akaandikiwa karatasi akanunue nje. Nje huko hakuna aliyefuta ada yoyote, na hakuna ubao.

Kwa hiyo bure ya serikali na giza la bei za binafsi ni majirani wa ukuta mmoja. Ukitoka katika mlango wa kwanza bila dawa, unaingia katika wa pili bila kujua unaingia kwa kiasi gani. Mama wa rolex, ambaye husema mara chache, alituuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Nikiandikiwa dawa nne na nina hela ya mbili, nani ataniambia zipi mbili?" Mfamasia mwema anaweza kumwambia, na wapo wema wengi. Lakini haki ya mtu haipaswi kutegemea wema wa aliyemkuta dukani.

Sasa tukumbuke Juni na Julai 2021, maana tunasahau upesi. Wimbi la pili la korona lilipoingia Kampala, vitanda vya oksijeni vya serikali vilijaa, na watu wakakimbilia hospitali za binafsi. Familia zilidaiwa amana ya mamilioni kabla mgonjwa hajashushwa garini. Usiku mmoja katika chumba cha mahututi ukagharimu mamilioni. Wengine walizika huku bado wanadaiwa, na wengine walicheleweshewa maiti zao kwa sababu ya bili. Aliyekuwa Kampala miezi ile anajua nisemalo. Ndipo mwanasheria Moses Mulumba na shirika la kutetea haki ya afya la CEHURD wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2021 mahakama ikaagiza mamlaka husika zitoe mapendekezo ya ada zinazofaa kwa matibabu ya korona.

Angalieni vizuri kilichotokea hapo. Ilibidi watu wafe, kisha wanasheria wakimbie mahakamani, kisha jaji aagize, ndipo nchi ianze kuulizana: kwani kitanda kile hasa kina bei gani? Swali hilo lilipaswa kuwa na jibu ukutani tangu siku hospitali ilipofungua milango. Mtch!

Nami siwatukani wenye hospitali. Oksijeni ni fedha, jenereta ni fedha, vitendanishi vya maabara vinanunuliwa kwa dola, na muuguzi wa zamu ya usiku ana watoto wa kusomesha. Hata hospitali za madhehebu juu ya vilima vyetu, Mengo ya mwaka 1897, Rubaga ya 1899 na Nsambya ya 1903, zilizojengwa kwa ajili ya kuhudumia watu na si kutafuta faida, nazo hutoza, kwa sababu bila kutoza zingefunga. Hatudai matibabu ya dezo katika mlango wa binafsi. Tunadai tuambiwe kabla. Mtu mwenye bei halali hana sababu ya kuificha, na mtu mwenye bei kubwa kwa sababu ya huduma bora ndiye angefaidika zaidi kuiandika na kueleza ubora wake.

Turudi kwa bima. Muswada wa Mpango wa Taifa wa Bima ya Afya ulizunguka katika ofisi za nchi hii miaka mingi kabla ya kuingia bungeni mwaka 2019. Rasimu ile ilipendekeza mfanyakazi wa mshahara akatwe asilimia 4, mwajiri aongeze asilimia 1, na aliyejiajiri, yaani kijana wa boda, Mama wa rolex na Hajji wangu huyu, atoe shilingi 100,000 kwa mwaka. Tarehe 31 Machi 2021 Bunge la Kumi likaupitisha. Mei mwaka huo huo bunge lile likamaliza muda wake, na muswada haukuwa umetiwa saini. Ukarudi mwanzo.

Kijiweni hapa maoni yaligawanyika siku zile, na yamegawanyika hata leo. Kijana mmoja wa boda alisema laki moja si tatizo. Ukiigawa kwa siku 365, kila siku ni chini ya shilingi mia tatu. Mwenyekiti wa steji akamkata: "Si kiasi, mukwano. Swali ni hii: laki yangu itanunua nini?" Hapo ndipo nilipompa mkono mwenyekiti. Aliuliza swali ambalo wabunge wengi hawakuliuliza kwa sauti. Mfuko ukikusanya mabilioni kisha ukaenda kulipa hospitali ambazo hakuna anayejua bei zake, mfuko huo utanyonywa mpaka ukauke, halafu tutaambiwa mchango upande. Wananchi watakuwa wameondolewa deni la hospitali na kubebeshwa deni la mfuko.

Majirani zetu wametutangulia, kwa mema na kwa mabaya, na mwenye macho haambiwi tazama.

Kaskazini mwa Rwanda, mwanakijiji mwenye kadi ya bima ya afya ya jamii, mutuelle de santé, anajua kabla hajatoka nyumbani kwake kwamba kituo cha afya kitamtoza faranga 200, na kwamba akipelekwa hospitali ya wilaya atalipa sehemu ya kumi ya bili. Kwa miaka mingi familia nyingi zilichangia faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Hawana uchaguzi mpana: lazima waanzie kituo cha karibu, na bila barua ya rufaa hawaruki kwenda hospitali kubwa. Hata hivyo zaidi ya watu wanane katika kila kumi wamejiunga. Mwalimu aliposema hayo, ndugu yetu mmoja kutoka Kongo aliyepata kuishi karibu na mpaka wa Rwanda alitikisa kichwa kuunga mkono. Mtu akishajua atalipa kiasi gani, anakwenda mapema, homa ikiwa bado homa. Asiyejua anangoja, anakunywa majani, anangoja tena, na anafika akiwa amebebwa. Kujua bei ni tiba ya kwanza.

Kenya ina uzoefu mrefu zaidi. Mfuko wao wa NHIF ulizaliwa mwaka 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 wakaubadilisha, wakaingia mpango wa SHA, ambapo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na asiye na mshahara halipi chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Malalamiko yamekuwa mengi: mtandao kugoma, hospitali kudai haijalipwa, wagonjwa kurudishwa. Lakini kuna jambo moja walilolifanya ambalo nataka Kampala iliangalie: viwango vya malipo vilichapishwa. Kujifungua kawaida kuliwekewa shilingi 10,000, kwa upasuaji shilingi 30,000. Mama wa Kenya akitozwa zaidi ana karatasi ya kunyooshea kidole. Mama wa Kampala ananyooshea nini?

Tanzania ndiko mambo yalikochemka hadharani. Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha mpya ya huduma, dawa na bei ambazo Mfuko ungelipa. Wamiliki wa hospitali binafsi wakasema bei hizo haziwatoshi, na baadhi yao wakaacha kupokea kadi za Mfuko. Wagonjwa waliumia kwa mvutano ule, na hilo ni baya. Ila fikirini: nchi nzima, kuanzia redio hadi magenge ya kahawa, ilikuwa inajadili ada ya kumwona daktari ni shilingi ngapi na inapaswa kuwa ngapi. Waziri aliulizwa, wenye hospitali waliulizwa, kila upande ukaeleza hesabu zake. Sisi hatuwezi hata kugombana hivyo, kwa sababu hatuna orodha ya kugombania.

Na Tanzania inatufundisha jambo la pili, ambalo wapenzi wa uhuru wa kuchagua lazima walimeze hata likiwa chungu. Kulikuwa na Toto Afya Kadi: mzazi analipa shilingi 50,400 za Tanzania, mtoto anatibiwa mwaka mzima. Mpango mzuri kwa macho. Lakini kujiunga kulikuwa hiari ya mzazi mmoja mmoja, na wengi walimkatia mtoto kadi alipokwisha kuugua. Walio wazima wakabaki nje, wagonjwa wakajaa ndani, na mwaka 2023 Mfuko ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukataka watoto waingie kupitia shule. Wazazi walilia, nami naelewa kilio chao. Lakini hesabu ya bima haina huruma: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja kikija baada ya moto kuzimika hakiwashi kitu.

Basi tuseme wazi ni uchaguzi upi tunaoutaka. Mwananchi awe huru kuchagua hospitali, daktari na maabara, na akichoka ahame na mchango wake umfuate. Asiwe huru kukaa nje akiwa mzima na kuingia akiwa mahututi. Wanaochanganya vitu hivi viwili wanaua bima kabla haijazaliwa.

Tena tusidanganyane kuhusu uwezo wa uchaguzi wenyewe. Kijana aliyegongwa na lori saa tatu usiku barabara ya Jinja hawezi kulinganisha bei. Amelala, damu inamtoka, na anayemchukua anampeleka kwenye taa ya kwanza inayowaka. Mtu huyo soko halimsaidii. Anasaidiwa na bei iliyokwisha kukubaliwa kati ya mfuko na hospitali kabla hajagongwa, pamoja na sheria inayosema atibiwe kwanza, hesabu baadaye. Lakini wagonjwa wengi si wa namna hiyo. Mjamzito ana miezi tisa ya kuuliza. Mwenye henia, mwenye mtoto wa jicho, mwenye jino linalouma, mwenye sukari anayepima kila mwezi maisha yake yote: hawa wana muda na wana akili, wanachokosa ni bei. Kwa hao, ubao ukutani ungebadilisha mji huu ndani ya mwaka mmoja.

"Na bei ya chini ikiwa ya kliniki ya matapeli?" akauliza Hajji, na Hajji akiuliza mara ya pili ujue amekolea. Hapo alituweka sawa. Bei peke yake inaweza kumpeleka masikini kwenye sindano iliyotumika. Ndiyo maana ubao uwe na mambo mawili pamoja. Kliniki nyingi tayari hutundika leseni ukutani. Chini ya leseni ile iandikwe bei, na kando ya bei yaandikwe majina ya wanaotibu na sifa zao. Mtu aone kwa jicho moja anatibiwa na nani na kwa kiasi gani.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, watu wetu hawajui bima. Mtch! Huko Kigezi, kwenye milima ambako gari halifiki, wanakijiji wamekuwa na vikundi vya engozi tangu zamani. Engozi ni machela ya kusukwa. Mtu akiugua, wanakikundi wanapokezana mabegani mpaka hospitali, na asiyechangia nguvu zake anawajibishwa. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi wilayani Rukungiri, ya Kanisa la Uganda, iliwaendea watu wa engozi ikawaambia: mnabebana tayari, sasa tulipiane. Wakaingia kwa vikundi, si mmoja mmoja, wakijua mchango wao ni kiasi gani na mlangoni wataongeza kiasi gani. Mpango ule umedumu kuliko mawaziri wangapi, na umehudumia makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakulima wadogo. Hapa Buganda nako kuna munno mukabi, vikundi vya kuchangiana katika maradhi na misiba, na karibu kila mtu wa kijiwe hiki ana daftari la kikundi kimoja. Watu wetu wanajua bima kuliko waandishi wa miswada. Wanachokataa ni kutoa fedha mahali wasipoona hesabu.

Na tusidhani kwamba kuandika sheria pekee kunatosha. Marekani, nchi yenye matibabu ghali kuliko zote duniani, iliziamuru hospitali zake zichapishe bei kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Hospitali nyingi zilichelewa kutii, na nyingine zilitoa mafaili makubwa ya tarakimu na misimbo ambayo kompyuta inayasoma lakini bibi mwenye miwani hayaelewi. Bei ikawa wazi kwa sheria, ikabaki imefichwa kwa vitendo. Tusiige hilo. Bei ya Kisenyi iandikwe kwa Luganda, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na iandikwe jumla, si vipande. Mama hataki kusoma glovu ngapi na pamba gramu ngapi. Anataka kujua: kuingia mpaka kutoka na mtoto wangu, ni shilingi ngapi, na kikitokea kisichotarajiwa, kitaongezeka kiasi gani.

Haya basi, baada ya kahawa ya pili na ya tatu, kijiwe kilikubaliana, na nayaandika kama yalivyosemwa ili waheshimiwa wasiseme hawakuambiwa. Kwanza, hakuna leseni ya hospitali, kliniki au maabara kuhuishwa bila orodha ya bei kutundikwa mapokezi na kuwasilishwa Wizara ya Afya, na Wizara iichapishe kwa wilaya ili mtu wa Mukono aone bei za Wakiso. Pili, bei ya mwenye kadi na ya mwenye taslimu kwa huduma ile ile iwe moja; ikitofautiana, sababu iandikwe. Tatu, kila mgonjwa apewe bili yenye mchanganuo kabla ya kusaini fomu yoyote, na kampuni ya bima imtumie kwa simu kiasi kilichokatwa kwenye kadi yake siku hiyo hiyo, kama tunavyotumiwa ujumbe tukitoa pesa kwa wakala. Nne, muswada wa bima ukirudi bungeni, urudi na kitita cha mafao na bei zake mkononi, na useme waziwazi kwamba mwanachama anaweza kuhama hospitali bila kuomba ruhusa ya mtu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkopo kutoka nje. Hakuna linalohitaji jengo jipya. Karatasi, kalamu, msumari na utashi vinatosha kuanzia.

Nawe msomaji, usingoje bunge. Ukienda kliniki kesho, kabla hujakaa kwenye kiti, uliza kwa adabu: jumla ni kiasi gani, na naomba kwa maandishi. Wakikataa kukuandikia na hali yako inaruhusu, ondoka uende kwingine, kisha uwaambie wenzako ulikoandikiwa. Kama unafanya kazi penye bima, mwombe mwajiri wako orodha ya bei ambazo kampuni imekubaliana na hospitali. Ni mshahara wako unaolipia. Na mbunge wako akija kukueleza mpango mpya wa bima, msikilize kwa heshima, mpe maji ya kunywa, halafu mwambie alete orodha ya bei kwanza, ndipo tuzungumze mchango.